Mgeni Hapewi Kiti: Maisha ya Mama Persis Nyanchera Makori, 1914–1977

Yanasomwa na mwanawe wa kwanza, Obwocha Makori, siku ya mazishi, Alhamisi tarehe 22 Desemba 1977, nyumbani kwa marehemu, Manga.

Wazee wetu, akina mama, ndugu wa kanisa, majirani, na nyinyi mliotoka mbali, sisi watoto wa Mama Persis tunawashukuru kwa kuja kumsindikiza. Mimi si msemaji. Wengi wenu mnanijua kwenye mizani ya majani chai, ambako kazi yangu ni kutaja uzito na kunyamaza. Kwa hiyo nimeandika, nami nitasoma kama nilivyoandika. Dada yangu Abigael aliniambia juzi, "Ukiandika habari za Mama, andika na zako zilizomo." Nimejaribu. Mkiona nimesimama katikati ya mstari, nivumilieni.

Marehemu Persis Nyanchera alizaliwa Gesima mwezi wa Septemba mwaka wa 1914, mtoto wa tano wa Mzee Nyamweya na mkewe. Tarehe haikuandikwa, lakini mwezi tunaujua, kwa sababu siku hizo Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana Kisii mjini, na watu wa Gesima walikuwa wamekimbilia migombani pamoja na mbuzi wao. Mama alizaliwa huko migombani, juu ya majani makavu. Mwenyewe alisema ndiyo maana hakuchoka kumenya ndizi maisha yake yote. Migomba ilimpokea, naye alikuwa akiishukuru.

Shule hakwenda, maana wasichana wa wakati ule hawakupelekwa. Mwaka wa 1930 alianza darasa la ubatizo la Waadventista Wasabato, akajifunza kusoma akiwa na miaka kumi na sita, kitabu mkono huu na mtoto wa dada yake mkono ule. Alibatizwa mtoni siku ya Sabato, tarehe 12 Machi 1932, akapewa jina la Persis. Kusoma alisoma vizuri mpaka macho yalipopungua. Kuandika aliandika jina lake tu, na alisema hilo linatosha kwa mtu asiye na deni la barua.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo aliolewa hapa Manga na marehemu baba yetu, Mzee Makori Nyangau. Walivyokutana, Mzee alikuwa akitueleza sisi na wajukuu mara nyingi, na kila mara mama alikuwa akikanusha sehemu fulani. Mzee alikwenda Gesima na mjomba wake kuuliza habari za msichana. Wasichana wa mji ule walikuwa wameketi uani wakimenya ndizi za wageni. Mzee, ambaye alikuwa kijana mwenye haya, alisimama akingoja aonyeshwe kiti. Msichana mmoja alinyanyuka, akamtilia kisu mkononi, akamwambia, "Mgeni hapewi kiti hapa. Akikaa bure atahesabu makosa ya nyumba. Menya." Mzee alimenya, akajikata kidole cha shahada. Kovu lile alikuwa nalo mpaka tulipomzika, na wajukuu akiwaonyesha alisema, "Hapa ndipo nyanya yenu aliponichumbia." Mama alijibu kutoka jikoni, "Nilimpa kisu amenye ndizi. Kidole alijichagulia mwenyewe."

Mungu aliwapa watoto watano. Wawili aliwachukua wakiwa wadogo. Tuliobaki ni mimi, niliyezaliwa 1934, Abigael aliyezaliwa 1938, na Ondieki aliyezaliwa 1944.

Kazi ya mama ilikuwa shamba. Alilima wimbi, mahindi na ndizi, na mikungu aliibeba kichwani kuteremka mlima huu mpaka sokoni na kurudi, siku za jua na siku za mvua. Mwaka wa 1963 alipanda chai, miche mia sita, akaipalilia yeye mwenyewe. Kwa miaka kumi na minne alichuma majani mawili na chipukizi, wala hakuonja hata kikombe kimoja, kwa ajili ya imani yake. Watu kwenye kituo cha kununulia majani walimtania, wakimwita mong'ina, yaani mama mtu mzima. "Mong'ina Persis, unatuuzia kitu usichokijua ladha?" Naye aliwajibu, "Hata ng'ombe hanywi maziwa yake. Pima." Aliyekuwa akipima ni mimi.

Sasa nitasema habari za Krismasi, kwa sababu mtu hawezi kueleza maisha ya mama yetu akaiacha Krismasi.

Baadhi ya ndugu wa kanisa walimwuliza zamani kwa nini anaiadhimisha siku ambayo Biblia haikuitaja tarehe. Alisema, "Mimi tarehe siijui. Najua tu kwamba siku hiyo waajiri wote wanawaachilia watoto wangu." Kweli, mwezi wa Desemba waliokuwa kwenye mashamba ya chai Kericho walirudi, walioolewa walikuja na watoto wao, na nyumba ya mama ilijaa. Hakuna aliyealikwa na hakuna aliyepangiwa kazi. Ukifika tu mlangoni, kabla hujatua mzigo, mama anakutilia kisu mkononi. Unakaa penye nafasi, unavuta ndizi, unamenya. Wanaume pia walimenya. Kwa mlima wetu huu hilo lilikuwa jambo la kuchekesha, na walichekwa, na kesho yake walimenya tena. Habari zote za mwaka zilisemwa pale juu ya maganda. Aliyefiwa alilia pale. Waliogombana walijikuta wanamenya kutoka rundo moja. Sijui kama mama alipanga hivyo. Nafikiri alijua.

Nyumba yake ilisaidia. Wageni wetu wasio Abagusii wajue kwamba kwetu baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo si chuki, ni heshima, na kila mtu anaishika. Lakini nyumba ya zamani, kama hii ya mama iliyo mbele yenu, ina upande wa mzee na upande wa mama, na ukuta mfupi katikati. Mzee anakaa upande wake na wanawe wakubwa. Wakwe wa kike wanakaa na mama kwenye moto. Wajukuu wanapita pande zote mbili kama kuku. Kila mtu anakula mahali pake, na wote wanasikiana.

Krismasi ya 1963 Uhuru ulikuwa na siku kumi na tatu. Ondieki alirudi kutoka Kericho na redio, ya kwanza katika mji wetu. Watu wote walitoka uani kuisikiliza, hata mama, na chungu kikasahauliwa motoni. Tulipokumbuka, moshi ulikuwa umejaa mlangoni. Mama alifunua chungu, akatazama.

"Mama, haya ni makaa," alisema Abigael.

"Makaa yako hapo chini. Hizi ni ndizi zilizopata Uhuru, zimefanya zilivyotaka. Leteni sahani."

Tulizila. Zilikuwa chungu, na mimi sijala chakula kingine nikacheka vile.

Mwaka wa 1969 nilimaliza kujenga nyumba ya mabati, hapo chini mnapopaona. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini nilikuwa nimepewa kazi ya kusimamia kituo cha kununulia majani, na nilifikiri kwamba mtu wa cheo kama hicho hawezi kula Krismasi ameketi juu ya kigoda kati ya maganda ya ndizi. Nilitengenezewa meza ndefu na viti kumi na viwili. Nikasema Krismasi sasa itakuwa kwangu, na itakuwa na utaratibu. Niliandika karatasi, nikaibandika mlangoni. Bathsheba, mke wangu, chapati. Abigael, nyama. Roda, mke wa Ondieki, wali. Saa ya kufika, saa ya kula, nani akae wapi. Nilisimama mlangoni na kalamu, nikakagua kila sufuria iliyoingia.

Abigael aliponikuta pale aliinua kapu lake akaliweka miguuni pangu. "Kaka, nipime na mimi. Nina unyevu?" Kituoni majani yenye maji hukataliwa. Watu walicheka. Mimi sikucheka, nikamwonyesha saa.

Baba sikumsahau. Nilijua hawezi kuingia kwangu, kwa hiyo nilimjengea kibanda uani, nguzo nne na majani ya migomba juu yake, na ndani kiti kizuri na meza yake ndogo. Niliona nimemheshimu. Mama nilimwekea kiti cha mbele mezani, chenye mto, nikamwambia kwamba tangu siku ile hatashika tena kisu wala mwiko. Kazi yake ni kukaa na kupumzika.

Siku hiyo ya kwanza tuliomba, tukakaa. Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Nilichungulia dirishani nikamwona anavuka ua na sahani mbili, akainama akaingia kibandani kwa mzee. Nilimtuma Bathsheba amwite. Alirudi akasema, "Mama anasema tuendelee, yeye anakula na mzee."

Mwaka wa 1970 ikawa vilevile. Na jambo lingine likaanza. Mezani watu walikula kimya, kila mmoja akiogopa kumwaga kitu juu ya kitambaa changu. Kutoka kibandani tulisikia vicheko. Kwetu babu na mjukuu wanataniana kama wachumba, na binti yangu Orpah, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi, ndiye aliyepeleka nyama.

"Mke wangu, umeniletea nyama au mfupa?" mzee alimwuliza.

"Mume asiye na meno anataka nyama ya nini? Nyonya mfupa."

"Persis, umesikia mke mwenzako anavyonitukana?"

"Nimesikia. Mimi nilikwambia umechelewa kuoa."

Watoto waliondoka mezani mmoja mmoja, huyu anasema anakwenda kunawa, yule anasema ameitwa, wote wakaishia kibandani. Nilikwenda kuwarudisha. Niliwaambia chakula hakiliwi kwenye matope. Waliinuka wakarudi. Mama alinitazama.

Krismasi ya 1971 iliangukia siku ya Sabato. Chakula kilipikwa Ijumaa, na baada ya ibada nilimkaribisha mzee wa kanisa na wageni wengine sita. Nilitaka wauone utaratibu wa nyumba yangu. Adhuhuri mvua ilianza kunyesha. Tuliomba, tukakaa, na mgeni mmoja akauliza kwa wema kabisa, "Kiti hiki cha mbele ni cha nani?"

Nataka kuyasema maneno niliyoyasema, kwa sababu wengi waliokuwapo wako hapa, na sitaki wayakumbuke wao huku mimi nikijifanya nimesahau. Nilisema, "Ni cha mama. Lakini mama yangu hapendi vitu vizuri. Anapenda kula nje kwenye matope, kama mwanamke asiye na watoto."

Niliyasema kwa sauti. Dirisha lilikuwa wazi, na kibanda kilikuwa hatua kumi kutoka dirishani. Majani ya migomba yalikuwa yanavuja. Mama alikuwa amesimama ameshika ungo juu ya kichwa cha mzee, ili maji yasiingie kwenye sahani yake. Mzee hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ambayo wote mezani waliisikia:

"Obwocha, mama yako anakula na mumewe. Wewe unakula na nani?"

Mzee wa kanisa alitazama sahani yake. Nilipaswa kutoka pale pale, niingie kwenye mvua, niwaombe radhi. Haikuwa mbali, ilikuwa hatua kumi. Badala yake niliichukua karatasi yangu, nikasoma jina lililofuata, nikauliza wali uko wapi.

Tangu siku ile nilijua. Hilo ndilo jambo ninaloliona haya zaidi. Mtu akikosa kwa kutojua anasamehewa. Mimi nilijua kwamba nimewajengea wazazi wangu kibanda cha kutengwa, na kwamba njia ya kuwarudisha ilikuwa rahisi, kupanda hatua sitini tu na kula kwa mama kama zamani. Sikupanda, kwa sababu ya meza na viti kumi na viwili. Mwaka uliofuata nilikuwa mkali zaidi. Roda alileta chapati, zikiwa zimeungua pembeni. Nilizirudisha mlangoni mbele ya watu, kama ninavyorudisha majani mabovu. Roda alilia nyuma ya ghala. Ondieki alimchukua, akachukua watoto wake, wakarudi Kericho jioni ile, na Krismasi hawakuja tena. Mama alikuwa akiniuliza kila Novemba, "Mdogo wako umemwandikia?" Nilisema nitamwandikia.

Baba yetu alifariki tarehe 3 Mei 1974. Krismasi mbili zilizofuata yale maneno yake, alizila kibandani. Baada ya Krismasi ya 1968 hakula tena Krismasi chini ya paa moja na watoto wake.

Desemba ya mwaka ule hapakuwa na sababu ya mama kukaa nje, naye aliingia nyumbani kwangu. Alikaa kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya mapaja. Baada ya kitambo alisema, "Nipeni kisu." Nilimwambia, "Mama, kila kitu kimeshamenywa. Wewe pumzika." Alipumzika. Chakula alikigusa kidogo, akaomba ruhusa kama mgeni, akapanda kwake. Baadaye Orpah alimkuta ameketi mlangoni anamenya ndizi mbili. Alimwuliza anammenyea nani, akasema, "Mikono."

Ugonjwa ulianza mwezi wa Machi 1976. Miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari wa Kisii walisema ni moyo, wakampa dawa, naye alizimeza kwa uaminifu na kuendelea kuchuma chai taratibu mpaka Julai mwaka huu. Tunawashukuru waliomtibu, na tunamshukuru Abigael aliyekuja akakaa naye na kuacha nyumba yake.

Mwezi wa Agosti mama aliniita. Alikuwa ameketi jikoni kwake, juu yake paa limeliwa, unaona mbingu.

"Obwocha, Krismasi hii nataka tule hapa."

"Mama, hapa panavuja. Nilikuwa nafikiria kuibomoa nyumba hii, nikujengee chumba cha mabati karibu na kwangu."

"Usinijengee. Ezeka tu. Ukishindwa kuezeka yote, ezeka upande mmoja, watu wakibanana watapata joto. Na umwandikie Ondieki."

"Nitaezeka, Mama."

"Na ile karatasi yako uiache kituoni."

Alicheka alipokuwa akisema hivyo, na mimi nikacheka. Mwezi wa Septemba nilikata nyasi, nikazifunga, nikaziegemeza kwenye ghala. Nilikuwa na nia. Kisha ikawa msimu wa majani mengi, ikawa mvua, ikawa wiki ijayo. Nyasi zilikaa hapo Oktoba na Novemba. Mama alikuwa akizitazama kutoka mlangoni, wala hakunikumbusha.

Alhamisi iliyopita, tarehe 15, nilibandika karatasi mlangoni kwangu kama kila mwaka. Mama alikuwa ameteremka polepole, ameshikwa mkono na Orpah, kutazama ndama. Macho yake hayakuweza tena kusoma, akamwambia Orpah amsomee. Mimi nilikuwa ndani, nilisikia.

"Mama yangu, chapati. Shangazi Abigael, nyama. Orpah, kuosha vyombo."

"Na mimi nimepewa nini?"

Orpah alitafuta mstari wake. "Nyanya: kukaa kitini."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Maskini baba yako. Kazi hiyo nimeijaribu miaka minane na sijaiweza."

Sikutoka nje. Siku iliyofuata, Ijumaa, pumzi ilimshinda, tukampeleka hospitali. Alifariki huko Jumatatu tarehe 19 Desemba 1977, saa nne asubuhi, Abigael akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Ondieki nilimpigia simu kutoka posta, naye alifika na Roda na watoto jioni ileile. Sikuwa nimemwandikia.

Wazee walituambia kwamba mama lazima arudi katika nyumba yake mwenyewe kabla ya kuzikwa, na kwamba hawezi kulala mahali panapovuja. Kwa hiyo Jumanne mimi na Ondieki tulipanda juu ya paa. Ukiacha ile simu, hatukuwa tumesemezana miaka mitano. Alikuwa ananirushia matita, mimi nafunga. Baadaye aliuliza, "Nyasi hizi ulizikata lini?"

Nilisema, "Septemba."

Alilitazama tita lililokuwa mkononi mwake. Nilidhani atashuka aniache. Kisha akasema, "Zimekauka vizuri," akanirushia tita lingine.

Tulianza saa moja asubuhi, na jua lilikuwa bado halijafika utosini tulipomaliza. Nataka mjue hivyo. Kazi ambayo mama aliingoja miezi minne ilikuwa ya asubuhi moja. Nilimwezekea alipokuwa hawezi tena kuwasha moto ndani. Jana alirudi, akalala usiku mmoja kwenye nyumba kavu, na leo anatoka.

Roda, mke wa ndugu yangu, nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba msamaha. Ondieki, nawe vilevile. Abigael, umeniambia niandike zangu, hizo ndizo. Kwa baba na mama nimechelewa, na sina la kusema ambalo litawafikia.

Mama Persis Nyanchera amewafuata mumewe Mzee Makori na watoto wake wawili. Ameacha wana wawili, Obwocha na Ondieki, binti mmoja, Abigael, wakwe Bathsheba na Roda pamoja na mume wa Abigael, wajukuu kumi na wanne akiwamo Orpah, kitukuu mmoja, ndugu zake watatu wa Gesima, na miche mia sita ya chai ambayo hakuwahi kuionja.

Kwa desturi yetu mzee amelala upande wa kulia wa nyumba hii, na mama tunamlaza upande wa kushoto. Nyumba itakuwa katikati yao, haitabomolewa. Jumapili ni Krismasi. Karatasi nimeichana, na meza imetolewa nje, ndiyo hii mliyowekea vitabu vya nyimbo. Abigael atawasha moto wa mama, na ndizi zimekwisha kukatwa. Anayeweza kuja aje saa yoyote, na alicho nacho au mikono mitupu. Mimi nitakuwa mlangoni, na kila atakayefika nitampa kisu.

Mama, miguu yako imepumzika. Mikono yako Mungu aipe kazi inayoipenda, na amani yake ikufunike pasipovuja.